Bado, Mihambo

Babu alinituma kufagia buibui juu ya kabati,
nikashusha kilindo cha gome, kamba ya katani imekikaba.
Ndani: kadi ya chama, risiti ya baiskeli,
harufu ya asali iliyoliwa kabla sijazaliwa,
na bahasha moja yenye doa la mvua.

"Hiyo," akasema, "niliinyima moto."

Novemba ya sitini na moja, nyuma ya boma la Tabora,
walimpa pipa, kiberiti, na mafaili ya siku tatu.
Bwana Shauri alisimama karibu kusimamia,
moshi ukamfukuza, akaenda kunywa chai.
Majivu yakatua Gongoni juu ya nguo zilizoanikwa,
wanawake wakafua upya
wakiitukana stesheni, wakidhani ni garimoshi.

Kiingereza babu hakukisoma.
Bahasha aliijua kwa doa.
Masika ya hamsini na saba aliipokea treni ilipoingia,
akaitia ndani ya shati, juu ya kitovu,
akapiga pedali kwa mkono mmoja,
wa pili ukishika tumbo kama mtu aliyebanwa na haja.
Ikalowa pembe moja tu.
Kwa pembe hiyo alikatwa senti hamsini.

Mimi nafundisha historia, Isevya.
Nikavaa miwani, nikamsomea kwa Kiswahili,
nikisimama kila mstari kutafuta neno.

Aliyeandika yuko London, kwenye Bunge lao.
Anamwambia binamu yake, mkubwa wetu wa jimbo,
kwamba amefungua dawati la marehemu baba yake
akakuta barua mia na ushei kuhusu Ayalandi.

"Ayalandi ndiye nani?"
"Ni kisiwa, babu. Jirani zao. Mvua na viazi."
"Weupe?"
"Weupe."
"Na walitawaliwa?"
"Mamia ya miaka."
Babu akasogeza kiti.

"Baba na wenzake," inasema barua,
"walikuwa na ndimi mbili na wino mmoja.
Jukwaani: watu hawa hawajapevuka,
wapeni nchi leo, kesho watakula mbegu.
Usiku uleule, kwa siri, wao kwa wao:
tuwape baraza, hazina ibaki kwetu.
Tuwape wimbo, polisi wabaki wetu.
Na neno *bado*, binamu, limeandikwa mara nyingi
mpaka kalamu imetoboa karatasi.
Nimesoma hadi alfajiri.
Sikumwona hata mmoja aliyeamini kuwa hawawezi.
Waliamini wanaweza. Hilo ndilo lililowakosesha usingizi.
Sasa nasoma ripoti zako za Tabora
naona mwandiko wa baba.
Ukimaliza, choma."

Nikanyamaza. Nje mtu alikuwa anapepeta karanga,
maganda yakiruka hadi kizingitini.

"Wiki ile," babu akasema, hakuniangalia,
"nilikwenda kuomba ukarani.
Taipu nilishajifunza misheni, usiku, vidole viwili,
barua ya Kiswahili naimaliza kabla taa haijaisha mafuta.
Akaniambia, Bado, Mihambo.
Na hii ilikuwa mezani pake, imefunguliwa.
Bado alilitamka vizuri yule bwana. Kuliko mimi."

Kisha: "Soma tena pale wanapoweza."
Nikasoma.
"Pengine."
Nikasoma.
"Ametia saini?"
"Herufi moja tu, babu. R."
"Herufi."
Akalirudia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Nilidhani ataifunga tena kilindoni.
Akatoa noti mbili, zimekunjwa mara nne,
akanituma stesheni kwenye mashine ya fotokopi.
Nakala tatu. Moja ya shule, wanafunzi wako waone.
Moja ya kilindo, panya wasije wakatushinda.

"Na ya tatu?"
"Wapelekee wale wa viazi."
"Babu, anwani siijui."
"Mimi nimeibeba kwa tumbo," akasema,
"na wewe sumbuka kidogo."